Kamba ya Nyuma: Wasifu wa Mwalimu Sylvester Margwe (1961–2025)

Tumsifu Yesu Kristo. Wazee wetu, shikamooni. Mimi ni Judith, mtoto wa kwanza wa marehemu. Nimeombwa nisome maneno mafupi na ya kufariji. Ufupi nitajitahidi.

Mwalimu Sylvester Margwe alizaliwa tarehe 14 Machi 1961 huko Masakta, Hanang, kwa mzee Margwe na mama Efrazia. Baba yao alifariki mapema, hivyo Sylvester ndiye aliyemlea mdogo wake wa pekee, Yoakimu. Alimvisha, akamsomesha, akamtolea mahari alipooa. Wengi mnamfahamu Yoakimu. Amekaa pale, mstari wa mbele.

Marehemu alisoma shule ya msingi Masakta, akamaliza mwaka 1975. Baada ya sekondari alijiunga na chuo cha ualimu, akahitimu mwaka 1982.

Alianza kufundisha sayansi Dirma mwaka 1983, akahamia Dongobesh mwaka 1994, na huko ndiko alikostaafu Machi 2021. Waliosoma kwake Dirma hawajasahau somo la mkokoteni. Alipandisha mtoto mmoja, akausukuma, ukaenda. Akapandisha darasa zima, akausukuma kwa nguvu ile ile, mkokoteni ukakaa kimya kama haujaambiwa kitu. Kisha akaupeleka kwenye kijiteremko cha uwanja wa mpira, ukiwa umejaa hivyo hivyo, akajaribu kuuzuia peke yake. Ulimburuta mpaka suruali ikachanika magotini. Watoto walishangilia, naye akasimama akijipangusa vumbi: "Mmeona? Tungamo likiwa kubwa, kulianzisha ni kazi, na kulisimamisha ni kazi vilevile. Ama uongeze kani, ama upunguze mzigo. Njia ya tatu hakuna."

Yoakimu alikuwa mwanafunzi wa darasa hilo. Alikuwa juu ya mkokoteni, akicheka kuliko wenzake wote.

Tarehe 27 Septemba 1986 marehemu alifunga ndoa na mama yetu, Natalia, nyumbani kwao Dongobesh. Mama anasema alimpenda kwa sababu aliahidi machache na akatimiza yote.

Sasa nafika mahali ambapo niliombwa niandike "ajali ya ng'ombe".

Jumamosi tarehe 9 Agosti 2025, marehemu alikuwa akirudisha mahindi kutoka shambani kwa mkokoteni wa maksai wawili. Desturi yetu sisi wa milimani kila mtu anaijua. Mzigo ukifika mteremkoni, wote wanashuka. Mmoja anatangulia kuwaongoza maksai, na wanaume wawili wanabaki nyuma wakivuta kamba ili mkokoteni usiwasukume wanyama. Mbele alikuwa Baba. Kamba ya nyuma aliwakabidhi Yoakimu na binamu yetu Onesphory.

Jirani yetu Mama Marieta alikuwa akipanda na kuni zake, akawaona. Ameniruhusu niseme maneno yake: "Kamba inaburuzika tu chini. Wale wawili wako juu ya magunia, wamekaa! Mwalimu anauliza kule mbele, 'Mnavuta?' Yoakimu akajibu, 'Tunavuta, kaka!' Nikapiga kelele, 'Shukeni ninyi!' Wakacheka."

Walichoka, basi. Wangesema wamechoka, Baba angesimama kabla ya mteremko. Badala yake waliondoa nguvu ya kuzuia, wakaongeza uzito wao juu ya mzigo, na wakamdanganya aliyekuwa mbele. Mkokoteni ulipokimbia wao waliruka, wakasimama salama. Maksai waliosukumwa walimwangusha Baba, akabaki kati yao na magurudumu.

Alilazwa hospitali akiwa amevunjika nyonga na mbavu. Yoakimu alikuja, akalia, akatuambia ng'ombe walishtushwa na pikipiki. Yoakimu alipotoka, Baba alinishika mkono. "Judith, ile sauti ilitoka juu," alisema. "Mtu anayevuta kamba sauti yake inatoka chini. Nikajua niko peke yangu." Alifariki alfajiri ya Alhamisi tarehe 14 Agosti.

Nimeambiwa kazi ya Mungu haina makosa. Ni kweli. Lakini Mungu hakupanda juu ya magunia. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, na mimi nina hasira, sitaificha mbele ya jeneza la baba yangu.

Marehemu ameacha mjane, Natalia, watoto watatu, Judith, Clement na Perpetua, wajukuu watano, na mdogo wake mmoja. Jina la mdogo huyu nililifuta kabla ratiba hii haijapelekwa kuchapwa. Mama akalirudisha kwa mkono wake. Nilimuuliza, "Mama, hata baada ya haya?" Akanijibu, "Mwandike. Watu wajue aliyemjibu alikuwa ndugu yake wa tumbo moja."

Basi ameandikwa: Yoakimu Margwe.

Baba yetu na apumzike kwa amani. Sisi amani hiyo bado hatujaipata.