Marehemu Ponsian Muganyizi na Jina la Tereza Machibya

Baba Paroko, wazee wetu shikamooni, majirani wa hapa Ilemela, wafanyakazi wenzake na marehemu, na ninyi nyote mliokaa nasi tangu juzi, historia hii inasomwa na Elias, mdogo wa marehemu, kwa niaba ya familia, nasi tunaomba mtuvumilie, kwa sababu ni ndefu kuliko mlivyozoea, na kuna mahali si rahisi kuisoma.

Marehemu Ponsian Muganyizi alizaliwa tarehe 6 Novemba 1970 huko Kamachumu, wilaya ya Muleba, mkoani Kagera, akiwa mtoto wa tatu kati ya saba wa mzee Paulo Muganyizi, mkulima wa kahawa na migomba, na mama Dorotea, wote wametangulia mbele za haki. Alisoma shule ya msingi kijijini kuanzia mwaka 1978 hadi 1984, ambako alikuwa kiranja wa zamu, akisimama langoni na daftari kuandika majina ya wachelewaji, na hata jina la mdogo wake aliliandika, mdogo wake akachapwa, na walipofika nyumbani akamwambia kwa upole, "Ningekuacha wewe, ningemwandikaje mwenzako?" Hivyo ndivyo alivyokuwa, mtu wa haki iliyoandikwa, na sekondari aliisoma Bukoba mjini hadi mwaka 1988, kisha akavuka kuja Mwanza kusomea ufundi wa umeme, akamaliza mwaka 1992.

Alianza kazi mwaka 1993 katika duka la kutengeneza redio na taipureta, mashine ambazo zilipoanza kupotea akajifunza kompyuta kwa kuzifungua, na mwaka 1997 akapata cheti cha kompyuta Dar es Salaam. Tarehe 3 Septemba 2001 aliajiriwa na chuo kimoja cha hapa Mwanza, ambacho familia imeona kisitajwe, akiwa fundi wa maabara ya kompyuta, na mwaka 2009 akawa mkuu wa kitengo cha mtandao.

Tarehe 18 Septemba 1999 alifunga ndoa takatifu na Immaculata, hapa Mwanza, parokia ya Kirumba, wakajaliwa watoto watatu, Prudencia mwaka 2000, Alexander mwaka 2004, na Queen mwaka 2009, na alikuwa baba wa kukagua madaftari, wa kusuka nywele za binti zake bila kuona aibu, na wa kulala kwenye kochi kila Jumapili redio ikitangaza mpira.

Sasa tunafika kwenye kazi aliyojulikana nayo zaidi. Chuo kilikuwa na kompyuta za aina tatu, za Windows maofisini na kwenye maabara kubwa, za Linux kwa wanafunzi wa uhandisi pamoja na seva zote, na chache za Apple kwenye chumba cha uchoraji, kila aina na lugha yake, na ilikuwa vigumu kujua nani ameingia wapi, kwa sababu watu waliazimana maneno ya siri kama wanavyoazimana kalamu. Mwaka 2014 marehemu alifanya kazi miezi saba, akatengeneza utaratibu ambao kila mtu alipata jina lake la kuingilia, na kila aliyeingia, kwenye kompyuta ya aina yoyote, aliandikwa mahali pamoja, jina lake, mashine aliyokalia na saa aliyoingia na kutoka. Chuo kilimpongeza, naye akafurahi kama mtu aliyejenga nyumba.

Mwezi Mei mwaka 2017 mtihani wa uhasibu ulivuja. Rekodi ya seva ya mitihani ilionyesha kwamba Alhamisi tarehe 11 Mei, saa saba na dakika arobaini mchana, karatasi ya mtihani ilinakiliwa kupitia kompyuta ya ofisi ya mitihani, na rekodi ya kompyuta ile ilionyesha kwamba saa hiyo aliyekuwa ameingia ni mmoja tu, karani wa mitihani, Tereza Machibya, mjane mwenye watoto wanne, mkazi wa Buhongwa, aliyekuwa kazini miaka kumi na miwili bila karipio. Tarehe 23 Mei kamati ya nidhamu ilikaa, marehemu akaitwa kama shahidi, mwenyekiti akamuuliza kama ana uhakika, akajibu, "Asilimia mia." Tereza hakulia, alimgeukia marehemu, akamwambia, "Kaka Ponsian, saa saba nilikuwa pale kweli, nilikuwa nakula viazi vyangu mezani, lakini sijanakili kitu. Hebu angalia tena." Marehemu alijibu kwamba ameshaangalia. Tarehe 2 Juni barua ya kumfukuza ilisomwa mbele ya mkutano wa wafanyakazi wote, naye akatoka getini akibeba sweta na kikombe chake, na kabla mwaka haujaisha alikuwa anaanika na kuuza dagaa kwenye soko la Mwaloni, huku binti yake mkubwa, Kija, akiwa ameacha shule.

Jumatatu tarehe 18 Februari 2019, chuo kilipokuwa kinahamia seva mpya, marehemu aliifungua ile ya zamani ya mitihani, aliyoifunga kwa mikono yake, akakuta kwamba hakuwahi kuipangia saa ya hapa kwetu, ilikuwa inahesabu saa ya kimataifa, iliyo nyuma ya yetu kwa muda wa saa tatu. Maana yake ni kwamba karatasi ile haikunakiliwa saa saba na dakika arobaini, ilinakiliwa saa kumi na dakika arobaini alasiri, na ile rekodi ya walioingia, aliyoitengeneza mwenyewe, alipoiangalia tena ilionyesha kwamba Tereza alitoka kwenye kompyuta ile saa tisa na nusu, na aliyeikalia saa kumi na dakika ishirini alikuwa mtumishi mwingine, ambaye wakati huo alishaacha kazi na kuondoka nchini.

Alirudi nyumbani mchana ule, akamweleza mke wake kila kitu. Mama Prudencia ameomba sehemu hii isomwe kama ilivyokuwa. Alimuuliza mumewe, "Nani mwingine anajua?" Akajibu, "Hakuna." Akamwambia, "Basi funga mdomo, Baba Prudencia. Tuna watoto wa kusomesha, na kazi ni hiyohiyo moja." Marehemu alirekebisha saa, akahifadhi rekodi za zamani kwenye flashi, akaitia mfukoni mwa koti lake la harusi, na tarehe 1 Mei mwaka huohuo alipanda jukwaani kupokea cheti cha mfanyakazi bora, akakifikisha nyumbani na kukilaza kifudifudi juu ya kabati.

Tangu hapo kila Jumamosi alikwenda Mwaloni kununua dagaa kwa Tereza, hakumwambia neno, na Tereza, bila kujua, alimpimia na kumwongezea viganja viwili vya nyongeza, akimsalimu na kumuuliza hali ya watoto. Dagaa zilijaa nyumbani hadi hatukujua tuzipeleke wapi, naye akawa anazigawa mtaani. Wengi wenu mlioketi hapa mmekula dagaa zile, mkamwita mtu mkarimu, na kila mlipomshukuru aliingia ndani haraka.

Mwezi Januari 2023 aligundulika kuwa na ugonjwa wa figo, akaanza kusafishwa damu mara tatu kwa wiki. Jumamosi tarehe 17 Agosti 2024 alimwomba Alexander ampeleke Mwaloni, akamkuta Tereza ameinama kwenye maturubai anageuza dagaa, akamwambia kosa lile la saa akiwa amesimama juani, maana aliletewa ndoo akalie akaikataa. Tereza alisikiliza hadi mwisho, akasema, "Nilikuambia uangalie tena," kisha akaendelea kugeuza dagaa, na marehemu akarudi nyumbani bila kitu mkononi, kwa mara ya kwanza.

Tarehe 9 Septemba 2024 aliandika barua kwa uongozi wa chuo, akaambatanisha flashi ile na barua ya kujiuzulu. Chuo kilichunguza, na tarehe 20 Januari 2025 kikatoa barua ya kumsafisha Tereza na kumwita kazini, nakala yake ikapelekwa Buhongwa na Prudencia. Tereza aliisoma mara mbili, kisha akauliza, "Mwanangu, baba yako alijua lini?" Prudencia akamtajia mwezi na mwaka. Akasema, "Ile karibu miaka miwili ya kwanza alikosea, na mtu hukosea, hiyo nimemsamehe. Hii mitano na nusu alikuwa anajua, na alikuwa anakuja kununua dagaa. Hiyo bado sijaiweza." Kazini hakurudi. Marehemu alipoletewa maneno hayo alisema kwamba hesabu yake ni sahihi.

Hali yake ilibadilika mwishoni mwa Februari, akalazwa, na Jumanne tarehe 11 Machi 2025, saa mbili asubuhi, akatutoka, akiwa na umri wa miaka hamsini na minne. Ameacha mjane na watoto watatu, na kesho tutamsafirisha kwenda kumzika Kamachumu.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa kitengo cha figo, waliomhudumia kwa uvumilivu, majirani mliopika na kukesha, na wafanyakazi wenzake mliofika kwa wingi. Tunamshukuru pia Tereza Machibya, aliyeingia asubuhi hii na kukaa na akina mama jikoni, hajatuambia lolote kuhusu ile miaka mitano na nusu, nasi hatujamuuliza.

Kwenye ukoo wetu tulibishana usiku kucha kama haya yasomwe, wapo waliosema marehemu hasemwi hivi, lakini Ijumaa iliyopita kitandani alitushika mkono mmoja mmoja, akasema, "Msimwombe anisamehe, mtamchosha. Alichafuliwa mbele ya watu, semeni mbele ya watu." Kwa hiyo tunasema, na wenye simu mnaorekodi mrekodi, Tereza Machibya hakuiba mtihani, aliyekosea ni ndugu yetu, naye alijua, na sisi wa nyumba hii tuliojua tulinyamaza naye.

Ponsian, tumelisema. Sasa pumzika, kaka, kwa amani ile uliyoshindwa kuipata ukiwa nasi.