Mlango wa Wakago

Asubuhi hiyo fundi aliyekuwa akibandua lipu ya kanisa alifichua mlango mdogo ubavuni, mfupi kiasi cha kumlazimisha mtu mzima kuinama. Kwa hiyo benchi la mbele ya mkahawa lilijaa mapema. Bertranot alikuja na jambo lake. Alikuwa amemwahidi binti yake, Maylis, kwamba leo atawaambia wazee wenzake: anaolewa na Ramond wa ng'ambo ya daraja, wanakoishi watu wa kizazi cha Wakago, waliotengwa tangu zamani. Lakini mzee mmoja waliyemwita Gazeti alikuwa ameshaanza kusimulia.

– Huo ndio mlango wa Wakago. Babu zetu hawakutaka kugusana nao. Hata maji ya baraka waliwapa kwa ncha ya fimbo.

– Si walikuwa na ukoma, alisema jirani yake benchini, aliyeitwa Jogoo.

– Ukoma gani wa miaka mia tano, wewe? Hao ni masalia ya Waarabu walioshindwa vitani.

– Waarabu wa macho ya buluu? Usituuzie mbuzi kwenye gunia!

– Basi Wagothi, wale wavamizi wa kale wa kaskazini.

– Mwaka jana ulisema Wagothi ni sisi.

– Sisi ni Wagothi wa juu. Wao wa chini.

Jogoo akapiga funda la kahawa.

– Mimi nasikia hawana ndewe za masikio. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu!

– Guu na sikio wapi na wapi?

– Tena tufaha likishikwa na Mkago, jioni limeoza.

– Ndiyo maana wakatengewa maji yao, alisema Gazeti. Damu nzito kuliko maji! Bertranot, mbona kimya? Si babu yako ndiye aliyeshika ile fimbo?

Bertranot akacheka. Alijisikia akicheka, akatamani kicheko kile kingekuwa cha mtu mwingine.

– Shikamooni, wazee.

Alikuwa Ramond, amesimama nyuma ya benchi. Hakuna aliyejua amesimama hapo tangu lini.

– Marahaba, kijana.

– Samahani, hao Wakago walikuwa wanasali?

– Kutushinda sisi, alisema Jogoo.

– Lugha yao?

– Hii hii yetu.

– Na rangi?

– Kama yako na yangu.

– Sasa walikosa nini?

Jogoo akachungulia kikombe chake kana kwamba jibu limezama humo.

– Kwani wewe ni kijana wa nani? Gazeti akauliza hatimaye.

Ramond alimtazama Bertranot bila hasira, akamwachia nafasi ya kujibu.

– Mkwe wangu, alisema Bertranot, akiitazama ardhi.

– Nani? Sema kwa sauti, bwana, sisi wazee!

Bertranot akainuka, akalisema tena, kwa sauti iliyomfikia hata fundi juu ya ngazi. Lakini Ramond hakungoja; alikuwa ameshafika darajani.