Siku Niliyokataa Kupigia Chai Magoti

Akina mama wenzangu wa soko, Mungu aliyetuamsha salama ashukuriwe. Mlisema leo ni zamu ya mgeni. Basi mgeni atasema, hata yasiyopendeza.

Huko Uganda nilikuwa mwalimu. Askari walimchukua mume wangu, hakurudi. Nikavuka mpaka na watoto wawili, vyeti vyangu nimevishonea ndani ya gauni. Hapa Kisii nilizunguka shule baada ya shule, na jibu lilikuwa lile lile: vyeti vya kwenu havitumiki kwetu. Walinijibu kwa adabu, lakini watoto hawali adabu.

Mwishowe mwenye hoteli moja mjini akanichukua nipike chai na kuipeleka mezani. Sasa sikieni kosa langu. Kwetu Buganda mwanamke hupiga magoti akimsalimu mtu wa kuheshimiwa. Ndivyo mama alivyonilea. Nikawapigia wateja magoti, wakacheka, wakapenda. Tajiri yangu naye akaona biashara. Akawa anasimama mlangoni akiita, "Ingieni muone mama wa Uganda anavyopiga magoti!" Heshima niliyofunzwa na mama ikawa mchezo wa kuvutia watu. Niliona aibu, nikanyamaza, kwa sababu watoto walikuwa wanakula.

Siku moja mteja akalalamika kwamba chai imepoa. Tajiri akaniambia mbele ya watu wote, "Piga magoti uombe msamaha."

Nikamwambia, "Mzee, kwetu magoti hupigiwa mtu. Hayapigiwi chai."

"Basi toka. Nani mwingine atakuajiri, wewe omogeni, mgeni wa kuja tu?"

Ndugu zangu, nawaambia, neno hilo lilinichoma, maana nilijua hakuna. Nikavua aproni, nikaiweka mezani. "Nitajiajiri," nikasema, na sikujua hata nitafanya nini. Mkiona watu wa kuja wanafungua vibanda, msidhani wote tumezaliwa na akili ya biashara. Wengine tumesukumwa.

Kesho yake nikaja hapa sokoni Daraja Mbili na sufuria. Nikamenya ndizi, nikazifunga kwa majani ya mgomba, nikazipika kwa mvuke mpaka zikalainika. Ninyi mmezoea kuzichemsha vipande vipande, basi mkaniona mkaanza, "Huyu anauza majani." Mlicheka, msikatae. Mpaka mchana sikuwa nimeuza hata furushi moja. Nililia, sifichi.

Ndipo omong'ina mmoja, mama mzee muuza ndizi, ambaye alikuwa amenisogezea gunia lake nipate pa kukaa, akafungua furushi akala taratibu, akalamba vidole. Akawaambia, "Ndizi hizi nimezilima tangu niolewe, sikujua zina utamu huu. Anayemwogopa mgeni abaki na njaa yake." Mkaja, mmoja mmoja. Jioni sufuria ilikuwa tupu.

Asante, omong'ina, najua uko hapo nyuma unajificha. Asanteni nyote mlionigawia moto na maji kabla hamjajua jina langu. Nami nawaachia hili: heshima hutolewa na mwenyewe. Mtu akikuamrisha uitoe, huyo anakunyang'anya.

Juzi yule tajiri alimtuma mtu kuniambia nirudi, nitakuwa mpishi mkuu. Nikamjibu kwamba sitafuti kazi tena. Ila akisikia njaa, aje sokoni, apange foleni kama watu wengine.