Kikombe cha Seremala

Nje ya kibanda cha Fundi Cherehani pana benchi alilolichonga Seremala kabla hajasafiri. Desturi ya benchi hilo ni moja: anayesafiri huacha kikombe chake, na Mama Kahawa hukimiminia kila asubuhi mpaka mwenyewe arudi. Kikombe cha Seremala kilikuwa na miezi saba hapo. Fundi, aliyebakiza siku kumi na mbili apande ndege, hakupenda kukaa karibu nacho. Mvuke wake ulikatika kabla ya ule wa vikombe vingine.

— Hebu tuione hiyo kadi ya chanjo ya homa ya manjano, alisema Dobi.

Fundi akaitoa. Ya njano, ina mhuri na sahihi. Aliinunua kwa mpiga picha za pasipoti, bila kuchomwa.

— Fundi mzima! Sindano zinalala mdomoni mwako, hii moja ya mkono ikukimbize?

— Zile nazishika mimi, kaka. Hii anaishika mtu mwingine.

— Usihofu, alisema Profesa, ambaye hajawahi kufundisha mtu. Damu nzito kuliko maji. Yako nzito, mbu akiivuta atapaliwa.

— Tena wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone, akadakia Dobi. Mbu wa kule watakufuata wewe, wenyeji wapone!

— Hapo unanifariji au unanizika?

Profesa aliigeuza kadi, akaacha kucheka.

— Mwandiko huu nimeuona. Kwenye kadi ya Seremala.

— Mpiga picha ni yule yule, alisema Mama Kahawa polepole. Nilimsindikiza Seremala kwake mimi mwenyewe.

— Seremala kabadilisha namba tu, jamani, alisema Dobi.

— Hajabadilisha, alisema Mama Kahawa. Nampigia kila Ijumaa. Inapokelewa, nasikia kitu kinavuma, kisha inakatika.

Ndipo akafika mteja wa Fundi, dada aliyefuata gauni lake. Akaiona kadi.

— Kumbe nawe unasafiri! Mimi nilichanjwa juzi, bega linauma hadi leo. Wameniambia kinga inakamilika baada ya siku kumi. Wewe walikuchoma mkono upi?

Fundi akagusa bega la kushoto. Kisha la kulia. Akamtazama Dobi, Dobi akamtazama Profesa, Profesa akainamia kikombe cha Seremala. Mvuke ulikuwa umeshakatika.

Kumi na mbili, toa kumi. Fundi akasimama.

— Gauni langu je? aliuliza yule dada.

— Jioni, dada yangu. Kituo cha afya hakiningoji. Mama, kikombe changu kioshe ukifunike. Usikimiminie.

Lakini mkono wa Mama Kahawa una mazoea yake. Alipotanabahi, vikombe viwili vilikuwa vimejaa, vimekaa bega kwa bega ubaoni.

Wote wakaukodolea macho mvuke wa kile cha Fundi. Ulikuwa bado unapanda alipoikata kona, akilikunja shati lake mpaka begani.