Reinelde Bereuter, Aliyeoanisha Mbao na Zege

Wapendwa waombolezaji, mhandisi Reinelde Bereuter tunayemsindikiza leo alizaliwa tarehe 9 Machi 1953 kijijini Schwarzenberg, akiwa binti wa seremala Wendelin Metzler na mkewe Kreszenz, akasoma hapo kijijini, kisha Bregenz, na mwaka 1978 akahitimu uhandisi wa majengo mjini Graz.

Alianza kazi Dornbirn, na tarehe 3 Mei 1980 alifunga ndoa na Gebhard Bereuter, naye seremala, wakajaliwa watoto wawili, Magdalena na Jodok.

Ni katika karakana ya mumewe alikoanza kutafuta namna ya kuunganisha boriti za mbao na tabaka la zege, ili sakafu za maghorofa ziwe nyepesi lakini zisitikisike, na Gebhard akawa anamtania kwamba mbao na zege ni kama yeye Gebhard na mama mkwe wake, hawatakaa nyumba moja. Kweli, mwaka 1991 sakafu ya kwanza ya majaribio ilivunjika, zege likateleza juu ya boriti, lakini Reinelde akachonga meno kwenye mbao ili zege liingie na kushika, akakaza kwa skrubu ndefu, na sakafu ya pili ikabeba mzigo hadi mashine ya kupimia ikasalimu amri.

Mwaka 1998, kwenye jengo la kwanza la ghorofa sita alilolisanifu, alikuta meno ya boriti za ghorofa ya tatu yamechongwa mafupi kuliko michoro ilivyoonyesha, huku malori ya zege yakisubiri, na mwenye jengo akamsihi amwage zege tu, kwani nani angeyaona.

"Zege linaficha, ndugu yangu, lakini halisamehe," alimjibu. "Rudisha malori."

Boriti zilibadilishwa, jengo likachelewa hadi masika, na wanunuzi walipoingiwa na hofu, yeye akahamia na familia yake ghorofa ya nne, akaishi humo hadi mwisho.

Aligundulika kuwa na saratani ya kongosho Novemba 2022, akafariki nyumbani tarehe 11 Februari 2024, Gebhard akiwa amemshika mkono.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, wahandisi wenzake na maseremala wote, na majirani wa ghorofa ya tano, waliowavua watoto wao viatu ili mgonjwa asisumbuliwe, naye akawatumia ujumbe: "Waacheni waruke. Sakafu ile naijua."

Pumzika, Reinelde, watoto wanaruka.