Mama Ndoo Mbili: Maisha ya Mwanamke Aliyesafisha Nyumba za Watu

Wiki tatu kabla ya kutuacha, Mama Ndoo Mbili alimwita mdogo wake wa kiume, anayewasomea maneno haya, akamwambia achukue kalamu na karatasi. "Wasifu wangu andika wewe," alisema. "Wengine wananipenda mno, watanifanya malaika. Na lile la bafuni usilifiche." Halijafichwa.

Alizaliwa Jumanne, tarehe 14 Machi 1961, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya karakana ya reli, akiwa wa kwanza kati ya watoto watano. Baba alikuwa mpaka rangi wa mabehewa. Mama alifua sare za wauguzi. Nyumba nzima ilinuka rangi na sabuni, na dada mkubwa alijua kuondoa doa la rangi kwenye shati kabla hajajua kuandika jina lake.

Alianza darasa la kwanza Januari 1968, katika shule ya msingi iliyokuwa ng'ambo ya reli, akamaliza la saba mwaka 1974. Adhabu ya shule ile ilikuwa kufagia darasa. Wenzake walianzia mlangoni, kisha wakatoka wakikanyaga pale pale walipofagia. Yeye alianzia kona ya mbali akawa anarudi kinyumenyume mpaka mlangoni. Siku moja mwalimu wa zamu alisimama dirishani akamtazama mpaka mwisho, halafu akaenda kumwambia mwalimu mkuu, "Huyu tumtafutie adhabu nyingine. Hii anaifurahia." Alifaulu kwenda sekondari, lakini karo ya watoto watano haikuwepo. Akabaki nyumbani kumsaidia mama kufua, wadogo zake wakasoma. Anayesoma hapa ni mmoja wao. Maisha yake yote marehemu hakuwahi kumkumbusha mtu jambo hilo, kwa hiyo tunalisema sisi leo.

Tarehe 3 Mei 1979 aliajiriwa kuwa mhudumu wa vyumba katika nyumba ya wageni yenye vyumba kumi na sita. Huko ndiko alikojifunza kwamba vumbi huanza kufutwa juu na sakafu huwa ya mwisho, na kwamba kitambaa ukikikunja mara mbili kinakupa sehemu nane safi za kufutia. Na huko ndiko alikompata mume. Mwaka 1982 sinki la jikoni liliziba, akaitwa fundi bomba, kijana mwenye mikono ya kazi na viatu vya matope. Alizibua, akafunga mfuko wake, akaaga. Marehemu akamkabidhi tambara.

"Fundi, bomba umelimaliza. Sakafu je?"

Fundi akapiga magoti akafuta nyayo zake zote mpaka nje. Anasema mpaka leo kwamba alifuta polepole makusudi. Walifunga ndoa Jumamosi, tarehe 20 Agosti 1983, wakajaliwa watoto watatu: wa kiume mmoja na wa kike wawili.

Novemba 1990 nyumba ya wageni iliuzwa, na wafanyakazi wote wakaambiwa kwaheri. Januari iliyofuata akaanza kazi yake mwenyewe ya kusafisha majumba. Vifaa vyake vilikuwa ndoo mbili, moja ya maji ya sabuni na moja ya kusuuzia, fagio, brashi ya kusugulia, tambara la deki na vitambaa vya rangi tatu: chekundu cha choo, cha kijani cha jikoni, cha buluu cha vioo. Ole wake aliyevichanganya. Alipita mtaani na ndoo zile, moja kila mkono, na jina likamshika hapo.

Bei ndiyo iliyomtesa. Nyumba ya kwanza alikubali akiwa amesimama getini, kabla hajaingia ndani. Kumbe ndani kulikuwa na mbwa wawili, jiko lenye mafuta ya miaka, na madirisha yasiyohesabika. Alitoka huko jioni, na alipotoa nauli na sabuni alibakiwa na kitu kisichotosha hata kununua brashi mpya. Alikaa kwenye ngazi ya mlango wake akilia. Mumewe akaketi kando yake.

"Ulipotaja bei ulikuwa unaangalia nini?" akamuuliza.

"Nilimwangalia mwenye nyumba. Nilimwona mpole."

"Mimi nikiitwa, naangalia bomba."

Tangu siku hiyo hakutaja bei mpaka awe amezunguka nyumba yote. Aliangalia vyumba, vyoo, aina ya sakafu, idadi ya watu na wanyama, na ni lini mara ya mwisho chini ya kitanda palipigwa deki. Usafi wa mara ya kwanza ulikuwa na bei yake ya juu, na wa kila wiki bei yake. Nauli, sabuni na kuchakaa kwa vifaa viliingia humo humo.

Sasa la bafuni. Mwaka 1998 alikuwa na nyumba tisa na msaidizi mmoja, jirani yetu tunayemwita Dada Mrefu. Ikatokea nyumba ya kumi, ya mfanyabiashara wa vipuri vya magari, nyumba kubwa ya vyumba sita. Kampuni nyingine ilikuwa inaitaka pia. Marehemu aliitamani mno, akakata bei yake kwa theluthi, akaipata. Ili bei ile imtoshe, aliacha kununua glovu, na dawa akanunua za kupimiwa, zikatiwa kwenye chupa za maji zisizo na maandishi.

Jumatano, tarehe 17 Juni, Dada Mrefu aliingia bafuni kusafisha choo, mlango na dirisha vikiwa vimefungwa. Alimimina dawa ya klorini, akaona doa halitoki, akaongeza asidi ya choo juu yake. Hakujua, maana chupa zilifanana. Marehemu alikuwa sebuleni akifuta rafu aliposikia ndoo ikianguka. Alifungua mlango, mvuke ukamkaba koo, akaingia hivyo hivyo. Alimkuta mwenzake chini, akamshika kwapani, akamburuta mpaka uani. Wote wawili walilazwa. Yeye alitoka baada ya siku nne. Dada Mrefu alikaa wiki tatu, na ile sauti ya mkwaruzo mliyoisikia asubuhi ikiwapokea wageni ndiyo aliyotoka nayo huko.

Mwenye nyumba alimwambia marehemu, "Msichana wako hana akili. Tafuta mwingine, kazi iendelee."

Akamjibu, "Akili iliyokosekana ni yangu. Bei niliyokupa haikuwa na glovu ndani yake." Akaiacha nyumba ile.

Kisha akaenda hospitali, akasimama miguuni pa kitanda. "Nimekuponza," alisema.

"Ndiyo, umeniponza," alijibu Dada Mrefu kwa sauti ile mpya.

Marehemu alisema baadaye kwamba hakuna neno lililomsaidia kama hilo, kwa sababu kila mtu mwingine alikuwa anamwambia ni ajali tu. Alimuuliza kama atarudi kazini. Dada Mrefu akafikiri, akasema atarudi, lakini kila chupa iandikwe, na yeye ndiye atakayekuwa anafungua madirisha.

Marehemu alinunua glovu, barakoa na dawa zenye lebo. Halafu akapita nyumba zote tisa, akapandisha bei, na kila mahali akaeleza kwa nini, pamoja na kosa lake. Nyumba tano zikamkataa. Miezi ile ilikuwa migumu, fundi alizibua masinki mpaka Jumapili, na watoto walijua kutouliza maswali. Mmoja wa waliobaki alikuwa mwalimu mstaafu aliyeishi peke yake.

"Na mimi pensheni yangu haifiki hapo, tutafanyaje?" alimuuliza.

"Bei siwezi kuishusha, mwalimu. Kazi ndiyo tunaweza kuipunguza. Tuache chumba gani?"

Mwalimu akatazama huku na huku. "Tuache cha wageni. Hawaji."

Chumba kile kiliachwa kweli, kwa miaka minne. Na mwalimu yule ndiye aliyewasimulia majirani zake juu ya mwanamke anayesema ukweli, na majirani ndio walioijaza tena wiki yake. Kufikia mwaka 2010 alikuwa na wanawake kumi na mmoja, ngazi mbili za alumini na mashine tatu za kufyonza vumbi. Kila mwanamke mpya alizungushwa nyumba moja, akaambiwa aitajie bei, kisha akaulizwa, "Wewe mwenyewe umejiweka wapi ndani ya bei hiyo?" Wapo hapa leo, na wengine wana biashara zao.

Kikohozi kilianza mwaka 2019. Daktari alisema mapafu yamechoka, lakini hakuweza kusema kama ni mvuke wa siku ile au vumbi la miaka yote. Februari 2022 alimkabidhi Dada Mrefu kazi yote. Tarehe 28 Agosti 2023 alilazwa. Hata huko wodini alimuuliza mama aliyekuwa akipiga deki kama analipwa kwa saa au kwa wodi, wakaongea mpaka muuguzi akaja kuwatenganisha.

Siku ya mwisho kitanda chake kilikuwa kimetandikwa vizuri, na yeye juu yake amelala bila kukivuruga. Mumewe alisimama kando, kama alivyozoea. Miaka arobaini ya ndoa, hakuna aliyeruhusiwa kukalia kitanda kilichotandikwa.

"Kaa hapa," akamwambia.

Fundi akasita. "Nitakivuruga."

"Kivuruge."

Akaketi, akamshika mkono. Walikaa hivyo mpaka saa tisa na dakika ishirini alasiri ya Jumamosi, tarehe 9 Septemba 2023, alipoaga dunia akiwa na umri wa miaka sitini na miwili.

Ameacha mume, watoto watatu na wakwe wawili, wajukuu watano, wadogo zake wanne, na wanawake kumi na mmoja wa kazi yake, wakiongozwa na Dada Mrefu, ambaye familia imeomba aketi leo pamoja na wafiwa, kwenye kiti cha mbele.

Mwenyezi Mungu ampokee, ampe amani, na amwache apumzike kwa muda anaoutaka mwenyewe.