Mwalimu Aliyemfelisha Tumpale

Kosta ilipotoka Vwawa, mzee aliyekaa mbele yangu alimgeukia binti wa pembeni yake. "Si wewe Tumpale, unayesomea uhandisi wa umeme na kompyuta? Umetuokoa. Tangu fundi abadilishe mota, mashine ya kumenya kahawa ilikuwa ikizunguka kinyume, tukabaki kumenya kwa mikono."

"Nilizibadilishia nafasi nyaya mbili tu, baba."

"Na chuo ndicho kilichokufundisha ni zipi?"

"Zozote mbili kati ya zile tatu zinazoleta umeme kwenye mota."

Mzee akamtazama upya. Nadhani alitegemea jambo gumu zaidi.

Binti akakiri kwamba somo lenyewe la mota alilifeli, ndiyo maana likizo nzima alikuwa akilisoma upya. Sasa anarudi kurudia mtihani.

"Basi Jumapili nitasimama kanisani nimshukuru aliyekufelisha. Anaitwa nani?"

"Mshukuru Mungu, baba, inatosha."

"Mungu tulishamshukuru. Huyu bado."

"Usimtaje. Mtihani ni kesho kutwa, na anayesahihisha ni yeye."

Kosta ikasimama Mlowo. Mzee akashuka, kisha akarudi dirishani. "Jina sitalitaja," alisema. "Nitasema mwalimu wa Tumpale."